Mtu Niliyekataa Kumtafsiri

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari mjini Kasongo. Miaka michache iliyopita, likizo kubwa ilipoanza, mfanyabiashara mmoja mwenye malori alinipigia simu akaniuliza kama ningeweza kukaa wiki tatu kando ya mto na Mchina.

Nilidhani ananitania. Akanieleza. Katika barabara ya kwenda Kabambare, upande wa Wamaza, kulikuwa na daraja la chuma la zamani ambalo mbao zake zilikuwa zimeoza na boriti zake kupinda. Lori lake lilikuwa limekaa siku nane ng'ambo likisubiri maji yapungue lipite mtoni. Wafanyabiashara walikuwa wamechoka kungoja, wakakubaliana kulitengeneza wenyewe. Fundi walimpata Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa Mchina aliyekaa huko miaka, akitengeneza mashine za kuvuta maji za wachimba dhahabu, na hakuna chuma alichoshindwa kukichomelea. Alijua Kifaransa alichookota katika nchi nyingine za Afrika alikopita, lakini Kiswahili chake kilikuwa maneno matano: maji, hapana, kesho, haraka, mbaya. Walihitaji mtu wa kukaa katikati, kati yake na vibarua.

Nilikubali. Nilivaa shati langu la mikono mirefu na viatu vya kufunga kamba, nikapanda pikipiki asubuhi, na jioni nikafika nikiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Lori lililomleta fundi lilifika siku iliyofuata. Watu wa kijiji walikuwa wameandaa kiti chenye kitambaa, kuku, na wali. Wakashuka Wachina wawili. Wa kwanza alikuwa kijana, amevaa shati jeupe na miwani ya jua, saa inang'aa mkononi. Wa pili alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, amevaa singlendi yenye matundu ya cheche za moto na kandambili za rangi mbili tofauti. Alishuka kwa nyuma, akaanza kupokea mitungi ya gesi pamoja na wapakuzi.

Mkubwa wa kijiji akaenda moja kwa moja kwa yule kijana, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti. Hotuba ikasomwa. Kijana aliitikia kwa kichwa, akala paja la kuku. Alikuwa muuza vipuri aliyekuwa ameomba nafasi kwenye lori kutoka Salamabila. Hakujua hata daraja lenyewe lina kasoro gani. Fundi alikuwa ameketi juu ya mtungi wa gesi, anavuta sigara, anaangalia. Mimi ndiye niliyegundua kosa, nikamnong'oneza mkubwa wa kijiji, na uso wake ukabadilika. Fundi alicheka mpaka akakohoa.

Baadaye, tukila mabaki ya yule kuku, alinitamkia sentensi moja ya kwao. Nilimwomba airudie polepole, nikaiandika kwenye daftari langu kama nilivyoisikia: *sin ging lo yi hau ging yan*. Maana yake, alisema, kwanza wanaliheshimu vazi la hariri, kisha ndipo wamheshimu mtu. Akaongeza kwamba hayo si maneno ya Kichina cha yule kijana. Ni ya lugha ya Kantoni, kwao kusini. Kijana anatoka mbali na huko, na wao wawili hulazimika kutumia Kichina cha shule ili waelewane. Nilimwambia hata sisi tuko hivyo, Kizimba, lugha ya kwetu, tunakiacha kwa bibi tukitoka kwenda sokoni. Nikamwambia pia kwamba wazee wetu wana maneno mawili tu kwa jambo hilo: usione ukadhani. Alifurahi. Nami nilifurahi zaidi. Nilijiona nimekaa upande wa wenye akili, na wale wa kiti na kitambaa wako upande ule mwingine.

Kazi ilianza. Daraja lilikaa juu ya nguzo mbili za mawe zilizosimama majini. Mpango wa fundi ulikuwa kunyanyua boriti iliyopinda kwa minyororo na jeki, kuikata, kuichomelea kipande kipya, kisha kuishusha tena juu ya nguzo. Vibarua walikuwa kumi na wawili. Fundi hakuwa mtu mpole. Alikuwa na hasira fupi, hakusifu mtu, na akicheza karata wakati wa mapumziko alikuwa anaiba waziwazi. Lakini alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Siku ya pili ya kazi, asubuhi, alikuja mtu kutoka upande wa mashamba. Alivaa koti la mvua la kike, lenye maua, limechanika kwapani, ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa anayumba. Hatua tatu mbele, moja pembeni, kama mtu aliyeamka na pombe ya jana. Alifika ukingoni, akanyoosha mkono kwenye nguzo ya mbali, akaanza kupiga kelele. Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, haina kupanda wala kushuka.

"Chini iko shimo! Nguzo ya pili, chini iko shimo! Mutu mzima anaweza kulala ndani!"

Vibarua wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, usimusikilize ule. Ule iko mulevi. Kila siku iko vile."

Fundi akazima moto wake, akainua kinyago cha kuchomelea. "Anasema nini?"

Sasa nieleze nilichofikiri, maana nimekifikiria mara nyingi tangu siku ile. Sikufikiri kwamba anadanganya. Sikufika hata huko. Niliona aibu. Niliona mtu wa kwetu, mchafu, anapiga kelele za ulevi saa mbili asubuhi mbele ya mgeni, na mimi nimevaa viatu vya kufunga kamba. Nilitaka aondoke haraka.

"Anaomba sigara," nikasema.

Fundi akatoa sigara moja, akampelekea. Yule mtu akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Akamtazama fundi, akanitazama mimi, kisha akaitia mfukoni na kusimama palepale, kama mtu anayengoja chenji. Baada ya muda akaondoka.

Kesho yake alirudi, maneno yaleyale, kelele zilezile. Mara hii aliongeza kwamba maji yamekula mawe upande wa juu, na kwamba nguzo imekalia ncha. Fundi akaniangalia. "Tena sigara?" Nikasema, "Tena sigara." Akapewa. Uongo wa pili haukuniuma hata kidogo. Niliukuta umeshatengenezewa njia.

Siku ya tatu ya kuja kwake alisogea karibu zaidi. Alimshika fundi mkono, akawa anamvuta kuelekea majini huku anapiga kelele sikioni mwake. Fundi akashtuka. Niliwaambia vibarua, "Mutoeni huyu." Wawili wakamshika kwapani wakamkokota mpaka barabarani, na pale walipomwachia hakuweza kusimama, akaanguka chali kwenye matope. Watu walicheka. Fundi hakucheka. Alimfuata, akamwinua, akampa sigara ya tatu, akarudi bila kuniuliza kitu.

Siku ya nne hakuja. Nakumbuka nilisema Alhamdulillahi.

Siku mbili baada ya hapo tulishusha boriti. Ilikuwa imekwisha kuchomelewa, mshono umenyooka kama wa cherehani. Fundi alikuwa juu ya nguzo ya pili, anaelekeza kwa mkono, mimi ukingoni napaza sauti: shusha, ngoja, shusha kidogo. Uzito ulipoingia wote, nilisikia mlio chini ya maji, kama mtu anayesaga mawe kwa meno. Nguzo ikainama. Haikuanguka, iliinama tu upande mmoja, taratibu. Boriti ikateleza. Fundi akarushwa mtoni. Kibarua mmoja aliyekuwa ameshika mnyororo upande wa chini hakuwahi kuruka, na ncha ya boriti ikamkalia mguu.

Tulimtoa fundi kwa kamba. Hakujua kuogelea. Tulihangaika kunyanyua boriti kwa jeki mpaka mguu ukatoka, na sitaki kueleza jinsi ulivyokuwa. Kibarua yule alikuwa baba wa watoto wanne. Alikuwa mtu wa kuimba akifanya kazi. Hakupiga kelele, aliniomba maji, nikamnywesha. Tukampakia katika lori la wafanyabiashara na kumpeleka kituo cha afya, mwendo wa saa nne za mashimo, na kila shimo nililihesabu kwa pumzi yake.

Mguu haukukatwa, lakini haukurudi kuwa mguu.

Fundi alikuwa amevunjika mfupa wa bega. Muuguzi alimfunga mkono kifuani kwa kipande cha kitenge. Alasiri ile alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, nami nikamletea chai. Hakuigusa.

"Yule mtu wa sigara," akasema. "Havuti. Nilimpa kiberiti siku ya tatu, akanirudishia. Alikuwa anasema nini?"

Ningeweza kudanganya tena. Hakuna mtu mwingine pale aliyejua Kifaransa vya kutosha kunisuta. Lakini mle ndani yule kibarua alikuwa ameanza kuugulia, na sauti yake ilikuwa inatoka dirishani.

"Alikuwa anasema chini ya nguzo ya pili kuna shimo."

"Siku zote tatu?"

"Siku zote tatu."

Akasema jambo kwa lugha yake, si lile la hariri, jambo fupi, na sikumwomba anitafsirie. Akageuza uso ukutani. Chai ikapoa, nikaiondoa.

Asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba nilicholala. "Twende kwake," akasema.

Hatukujua kwake ni wapi. Tulirudi kwa pikipiki mbili, fundi akiuma meno kila tuliporuka jiwe, na nikaanza kuuliza njiani: mtu wa koti la maua. Kila mtu alijua. Aliishi kwa dada yake, mjane, kwenye nyumba ya matofali mabichi nyuma ya mashamba ya mihogo. Tulimkuta dada anatwanga. Alipotuona aliweka mchi chini akasimama mbele ya mlango, mikono kiunoni.

"Mnamtaka nini tena? Mlimutupa mu matope, haikutosha?"

Nilimwomba radhi, "Dada, samahani, tumekuja kwa amani." Hakusogea. Nikamwambia kilichotokea mtoni. Hapo akapunguza ukali, akatutolea mkeka.

Yeye ndiye aliyetueleza. Kaka yake alikuwa mzamiaji. Alikuwa anazama mitoni na mpira wa hewa mdomoni, mashine inampulizia hewa kutoka juu ya chombo, naye chini gizani anakusanya mchanga wenye dhahabu. Miaka saba. Siku moja mashine ilizimika akiwa chini kabisa, akapanda haraka mno. Alitoka damu masikioni. Tangu siku ile hasikii vizuri, hata sauti yake mwenyewe haisikii, ndiyo maana anapiga kelele. Na ardhi kwake haitulii, inacheza kama mtumbwi.

"Watu wanasema mulevi," akasema. "Tangu azaliwe hajaonja. Anaswali kwa kukaa, kwa sababu akiinama anaanguka."

Nilikuwa nimeswali Ijumaa katika msikiti mdogo wa kijijini. Nilikumbuka mtu aliyeketi karibu na ukuta. Nilikumbuka kwamba nilichagua safu nyingine.

Kaka mtu akatoka. Bila lile koti alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, nywele zimeanza mvi. Koti, nilikuja kujua, lilikuwa la dada. Alilivaa kwa sababu upepo ukimpiga masikioni anapata maumivu, na lile lilikuwa na kofia. Dada akaingia ndani, akarudi na kisahani. Juu yake kulikuwa na sigara tatu, moja imepinda.

"Aliniuliza kwa nini Muchina anamupa hizi. Sikuwa na jibu. Chukueni."

Fundi alizitazama zile sigara, kisha akanitazama mimi. Sijawahi kutazamwa vile na mwanafunzi, wala na baba yangu.

Dada alinionyesha jinsi ya kuongea na kaka yake: umkabili, usipige kelele, useme taratibu aione midomo. Nikaketi mbele yake. Nikamwambia mimi ni mtafsiri, na siku zile tatu sikutafsiri maneno yake.

Alinitazama mdomo kwa muda mrefu. Nikarudia.

"Kwa hiyo ulinisikia?" akasema, kwa ile sauti yake kubwa.

"Nilikusikia."

"Maneno yalitoka? Yote?"

"Yote yalitoka."

Akageuka kwa dada yake. "Anasema yalitoka." Kisha akanigeukia tena. "Mimi nilifikiri sauti haitoki. Nilifika nyumbani nikamuuliza huyu, mimi bado ninasema? Nilifikiri sasa na mudomo imekufa kama masikio."

Fundi akaniuliza kwa Kifaransa anasema nini. Nikamtafsiria, neno kwa neno, na nilipofika kwenye mdomo uliokufa nikashindwa kumaliza. Fundi akaningoja. Nilipomaliza, alimwinamia yule mzamiaji kwa kichwa, mara moja, akasema kwa Kiswahili chake: "Mbaya. Mimi mbaya." Sijui alijilaumu kwa nini. Labda kwa kutouliza tena siku ile alipoona kiberiti kinarudi.

Mzamiaji hakutujibu habari ya msamaha. Aliuliza kama kibarua amekufa. Nilipomwambia yu hai, akachukua mawe matano uani, akayapanga kwenye vumbi, akaanza kutuonyesha. Hapa nguzo. Hapa maji yanapiga. Shimo linaanza hapa, linaingia mpaka hapa, urefu wa mtu mzima aliyelala. Alikuwa amezama pale mara nyingi akitafuta mchanga, kabla ya ajali yake, na msimu uliopita alikuwa ameligusa tena kwa mti mrefu.

Kazi iliendelea wiki tano badala ya tatu. Wafanyabiashara walilalamika, kisha wakanyamaza. Nguzo ilijazwa chini kwa magunia ya mawe na saruji, na aliyesema gunia gani liende wapi ni mzamiaji. Hakuruhusiwa kuzama, dada yake alitishia kuja kuketi mtoni. Alisimama ukingoni, ameshika mti aliochomeka chini ili asiyumbe, na walioingia majini walikuwa wawili walewale waliomkokota. Walikuwa wanamwangalia mkono kabla ya kuachia gunia. Mmoja wao alimwomba msamaha hadharani. Akamjibu, "Shika gunia."

Nilitafsiri kila kitu. Fundi akitukana, nilitafsiri tusi. Mzamiaji akisema huyu Muchina anajua chuma lakini maji hajui, nilitafsiri hilo pia, na fundi akakubali. Jioni nilikuwa nimechoka mdomo kama mtu aliyetafuna miwa kutwa.

Nilimwendea kibarua mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na homa, hakunitambua. Mara ya pili alikuwa amerudi kwake, mguu umenyooshwa juu ya gunia la mihogo mikavu. Nilimweleza ukweli wote mbele ya mkewe. Sikutaka ausikie kutoka kwa mtu mwingine. Yeye akasema, "Hata mimi nilicheka, mwalimu. Nilikuwa ninacheka na wenzangu." Lakini mkewe alisimama.

"Yeye alikuwa kibarua," akasema. "Wewe walikuleta usikie."

Akanifungulia mlango. Akasema nisirudi mpaka aniite.

Wafanyabiashara walimpa mumewe kibanda cha kuuza mafuta ya pikipiki karibu na daraja. Anatembea kwa mkongojo. Mtoto wake wa kwanza alipofika umri wa sekondari niliwatumia wazazi ujumbe kwamba nina nafasi ya kumweka nyumbani kwangu Kasongo. Jibu lilikuja kwamba wamekwisha kupata kwa ndugu zao. Sijaitwa hadi leo.

Fundi alirudi Salamabila, bega limepona kwa kupinda. Kwa mwaka mmoja hivi alikuwa akinitumia picha za mashine kwa simu, akiniuliza kifaa fulani kinaitwaje kwa Kiswahili. Kisha namba yake ikaacha kupatikana. Wanaotoka huko wananiambia alirudi kwao. Wengine wanasema yuko Fizi. Sina hakika.

Daraja limesimama. Kila mwaka napita pale nikienda Kabambare kusimamia mitihani. Mzamiaji huwa yuko ukingoni wakati maji ni mengi, ameshika mti wake, anaangalia nguzo. Sasa madereva wa malori humuuliza kabla ya kupita. Nami husimamisha pikipiki, nikamkabili, nikamwuliza hali ya maji. Ananijibu kuhusu maji. Hatujawahi kuzungumza jambo lingine, na anapomaliza hunipungia mkono nipite, kwa sababu nyuma yangu kuna wengine wanaongoja.